Afya ya Familia: Vidonda vya Mdomoni Vinavyorudi Kila Mwezi



Mwezi huu nimeziweka kando barua nyingine ili nijibu moja, iliyotoka kwa mama mmoja wa Vingunguti, si mbali na machinjio. Ana watoto wanne, anauza maandazi asubuhi, na katika kwaya ya usharika wake anaimba sauti ya pili. Anasema tangu ajifungue mtoto wa mwisho, yapata miaka miwili na nusu sasa, haupiti mwezi bila kutokwa na vidonda mdomoni. Huanza kama kitu kinachochoma chini ya ulimi au ndani ya mdomo wa chini. Siku ya pili panatokea kidoa cheupe chenye ukingo mwekundu, na siku ya tatu hawezi kula, hawezi kuimba, na akitaka kumwita mtoto aliye uani inambidi apige makofi. Vikipona hivyo, hazipiti wiki mbili vinakuja vingine.

Si kwamba hakuvitibu. Amekamulia ndimu na chumvi, kwa kuwa jirani alimwambia hayo ni matokeo ya kukosa vitamini C. Amelaza kidonge cha aspirini juu ya kidonda mpaka machozi yakamtoka. Amepaka dawa ya zambarau hadi watoto wakamcheka. Katika duka la dawa alipewa kapsuli za rangi mbili bila kuulizwa swali lolote. Akameza kwa siku mbili, zilizobaki akazitunza kabatini. Lakini jambo lililonifanya niketi nimjibu kwa urefu liko mwishoni mwa barua yake. Mumewe hasemi kitu, ila ametenga kikombe chake cha chai. Kwenye kwaya wapo dada wawili wanaonong'ona. Na yeye mwenyewe ameacha kwenda Meza ya Bwana, miezi mitano sasa.

Mama mwenzangu wa Vingunguti, nitaanza na hilo la kikombe, maana nadhani ndilo linalouma kuliko vidonda.

Vidonda unavyovieleza, vidogo, vya mviringo, vyenye katikati nyeupe au ya manjano na ukingo mwekundu, vinavyotokea kwenye nyama laini za ndani ya mdomo na kupona vyenyewe kati ya siku 7 na 14 bila kuacha kovu, haviambukizi. Havipiti kwenye kikombe, wala kijiko, wala busu. Watu wengi duniani huvipata, hasa kuanzia ujanani, na katika familia nyingine mama, binti na mjukuu wote wanavyo. Vinavyoambukiza ni vile vipele vya majimaji vinavyojikusanya kwenye ukingo wa nje wa midomo, ambavyo sisi huku Pwani tunasema homa imetokea mdomoni. Hayo ni malengelenge ya kirusi, na mwenye nayo asimbusu mtoto mchanga mpaka yakauke kabisa. Hayo ni maradhi mengine. Nakuomba usome tena aya hii mumeo akiwapo.

Na kuhusu lile neno ambalo hukuliandika lakini nimelisoma katikati ya mistari: ni kweli mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa anaweza kupata vidonda vikubwa mdomoni visivyopona, au utando mweupe kama maziwa ya mgando ulioganda kwenye ulimi na kaakaa. Lakini kidonda cha mdomoni peke yake hakithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kipimo, nacho katika vituo vya serikali ni bure, na dawa vilevile. Nendeni wawili, siku moja. Msipime kwa ajili ya dada wawili wa kwaya. Pimeni kwa sababu nyumba ambayo mume anahamisha kikombe bila kusema neno ina maumivu ambayo asali na maji ya chumvi haviwezi kuyafikia. Na hata kipimo kikionyesha kuwa virusi vipo, kikombe cha chai hakiambukizi UKIMWI. Hilo tulilifundishwa tangu miaka ya themanini, na inashangaza kwamba bado tunalirudia.

ACHENI KUKICHOMA KIDONDA

Nimekaa na akina mama wengi, na naona sisi tuna imani kwamba dawa isiyouma haifanyi kazi. Kidonda cha mdomoni ni mahali ambapo ngozi laini imetoka na nyama imebaki wazi. Ukikamulia ndimu hapo unaongeza jeraha. Aspirini ni mbaya zaidi: ni tindikali, na ikilazwa juu ya nyama ya mdomo inaiunguza, inabaki nyeupe na baadaye inachunika. Ule weupe mpana uliouona asubuhi, ukadhani kidonda kimekua, yawezekana kabisa ulikuwa ni mwunguo wa aspirini yenyewe. Kidonge cha maumivu kazi yake iko tumboni; kimeze kwa maji. Na kwa maumivu ya namna hii parasetamoli inatosha.

Dawa ya zambarau nayo ni ya fangasi. Kidonda cha aina yako si fangasi, kwa hiyo inakupaka rangi tu, na ikiwa kali mno inaweza yenyewe kutoa vidonda. Kanada mwaka 2019 waliwaonya wananchi wao wasiitumie kwa sababu ya wasiwasi wa saratani. Mtoto mchanga mwenye utando mweupe mdomoni apelekwe kliniki, ziko dawa nyingine, na mama anayenyonyesha atazamwe chuchu zake pia, la sivyo wataambukizana kwa zamu. Zile kapsuli za kabatini, mama, zitupe. Hazikuwa za ugonjwa huu.

Kisichochoma na kinachosaidia ni hiki. Chukua glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, sukutua, tema. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Asali safi, tone dogo kwa ncha ya kidole kilichooshwa, juu ya kidonda mara tatu au nne kwa siku. Asali imejaribiwa kwa vidonda vya namna hii, na iliwapunguzia watu maumivu. Nasema asali safi, ya Tabora au Singida kutoka kwa mtu unayemjua, si ile sukari iliyochemshwa inayouzwa kwenye chupa za konyagi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba. Karafuu nne au tano zilizochemshwa katika glasi ya maji, zikapoa, ni maji mazuri ya kusukutua, kwa sababu karafuu inatia ganzi kidogo. Mafuta ya karafuu yenyewe yasipakwe, ni makali.

Tazama pia mswaki wako. Kama nywele zake zimetanuka kama ufagio wa chelewa, kila asubuhi unajichubua na kidonda kinapata mlango. Nunua mswaki laini. Vivyo hivyo mwenye jino lililomeguka linalomkwaruza ulimi upande uleule kila siku, huyo hana haja ya dawa, ana haja ya daktari wa meno asugue ncha ile. Na wapo ambao vidonda vyao hupungua wakibadilisha dawa ya meno, wakatumia isiyo na kile kitoa povu kiitwacho sodiamu laurili salfeti. Jaribu miezi miwili. Ukiona hakuna tofauti, rudi kwenye ya zamani, maana meno lazima yapigwe mswaki.

SAHANI YA MAMA

Baada ya barua ya kwanza nilimwandikia dada huyu nikamwomba anitajie kila alichokula kwa siku saba. Yeye alikuwa ameandika kwamba anakula kawaida. Orodha ilipokuja niliisoma mara mbili. Asubuhi chai ya rangi na maandazi yaliyobaki. Mchana mara nyingi hakuna, au muhogo wa kukaanga na pilipili. Usiku ugali na mchicha, au wali na maharage, na kikombe kingine cha chai ya rangi palepale mezani. Jumapili nyama: baba finyango tatu, watoto moja moja, mama mchuzi.

Mama mchuzi! Ni wangapi kati yetu tunaosoma ukurasa huu tunaweza kuinua mkono?

Sasa nisikilize. Madaktari hawajapata chanzo kimoja cha vidonda hivi vinavyorudi. Wengine huvipata wakiwa na mawazo mengi, wengine kila wanapokaribia hedhi, wengine kwa kurithi tu. Lakini katika watu wanaovipata mara kwa mara, wapo wanaopimwa na kukutwa wamepungukiwa madini ya chuma, asidi ya foliki, vitamini B12 au zinki, na wakirudishiwa kilichopungua vidonda hupungua au hukoma. Sababu yake si ngumu. Ngozi ya ndani ya mdomo hubadilika upesi sana, inajengwa upya kila baada ya siku chache, na hivyo vitu vinne ni miongoni mwa matofali yake. Matofali yakikosekana, ukuta unatoboka hapo kwanza. Vitamini C, ambayo ndiyo kila mtu mtaani anaitaja, ni nzuri, lakini ukosefu wake huonekana zaidi kwenye ufizi unaovimba na kutoa damu kuliko kwenye vidonda hivi.

Huyu mama amezaa mara nne. Amenyonyesha mara nne. Kila mwezi anapoteza damu. Na kinachoingia mwilini ni ugali, mchicha na mchuzi. Wala hayuko peke yake: katika utafiti wa afya ya uzazi uliofanyika nchini mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa nyingine yoyote, nenda kituo cha afya useme unataka kupima wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi, mjamzito 11. Ukiwa chini ya hapo watakupa vidonge vya kuongeza damu, lakini waulize pia damu inaenda wapi. Huenda ni safura, huenda hedhi yako ni nzito kupita kiasi, huenda ni malaria ya mara kwa mara. Ndoo inayovuja haijai kwa kuongeza maji tu.

Ni ajabu ya mji wetu kwamba mama anapungukiwa damu akiwa kando ya machinjio ya Vingunguti. Kila siku ng'ombe kutoka mnada wa Pugu wanaletwa pale, na tangu mwaka 2019 serikali ilipoanza kujenga machinjio mapya ya kisasa, hata mazingira yamebadilika kuliko tulivyoyajua zamani. Maini yanapanda magari kwenda hotelini na kwenye baa. Lakini maini robo kilo, mara mbili kwa mwezi, yanaweza kugawanywa kwa familia ya watu sita na mama akiwemo. Bandama, ambayo watu wengi huidharau, ina madini ya chuma mengi mno. Firigisi za kuku, utumbo, makongoro, vyote vina kitu ambacho mchicha hauna, yaani vitamini B12. Hiyo haipatikani katika mboga za majani wala maharage wala nafaka isiyoongezewa kitu. Inatoka kwa wanyama, samaki, mayai na maziwa. Nunua kwenye bucha ambapo nyama imepita kwa mkaguzi na imepigwa mhuri, pika mpaka iive kabisa. Mjamzito asizidishe maini, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Yeye atumie nyama nyingine na vidonge anavyopewa kliniki.

Kama hata robo kilo ni nzito wiki hii, dagaa. Dagaa wakavu waoshe vizuri uondoe mchanga, wakaushe juani au kwenye kikaango bila mafuta, watwange wawe unga. Vijiko viwili vya unga huo kwenye sufuria ya mchicha au matembele, hakuna mtoto atakayejua, na mama atakuwa amepata B12, chuma na zinki kwa fedha kidogo. Mayai nayo msiyauze yote mkabaki na trei tupu.

Mboga za majani na maharage, kunde na choroko ndizo zinazotupa asidi ya foliki. Lakini tuna desturi ya kuchemsha mchicha mpaka unyong'onyee, kisha tunamwaga maji. Asidi ya foliki inamwagika nayo. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha uliooshwa, funika dakika tano, epua. Kuosha ni lazima, tena kwa maji mengi, na ukiweza ujue umelimwa wapi, kwa sababu bustani nyingi za bonde la Msimbazi zinamwagiliwa maji ya mto unaopokea taka za viwanda na za majumbani. Mifuko mitatu ya udongo mzuri ukutani pako inatosha kuotesha mchicha wa nyumba ndogo. Na unaponunua unga dukani tafuta alama ya kuongezwa virutubishi. Tangu kanuni za mwaka 2011 viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza chuma, zinki, asidi ya foliki na B12 katika unga. Unga tunaosaga kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauna.

Sasa ile chai ya rangi. Chai ya majani inayonywewa pamoja na chakula inakamata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage, nayo yanapita bila kuingia mwilini. Kahawa ni hivyohivyo. Sisemi uache chai, maana najua mama wa Dar es Salaam hawezi kuamka bila chai, hata mimi siwezi. Inywe saa moja au mbili baada ya kula. Pamoja na mlo weka tunda: embe, papai, pera, au chungwa siku ambazo mdomo ni mzima. Hapo ndipo ile vitamini C ya jirani yako inapofaa, kwa sababu inausaidia mwili kuchukua chuma cha mboga.

Kuhusu vidonge vya B12, mwaka 2009 madaktari wa Israeli walitangaza matokeo ya kuwapa wenye vidonda hivi miligramu 1 ya B12 chini ya ulimi kila usiku kwa miezi 6. Walikuwa watu 58 tu, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu. Mwezi wa sita, karibu robo tatu ya waliopata B12 hawakuwa na kidonda hata kimoja, na kwa wale wengine ni theluthi moja. Ni utafiti mdogo, lakini si wa kupuuza. Muulize daktari wako.

Siku ambazo vidonda vipo, usilale njaa. Epuka pilipili, achari, ukwaju, nanasi, ubuyu, bisi na muhogo mkavu wa kukaanga. Kula vilivyopoa na laini: uji wa ulezi wenye maziwa, mtindi, ndizi mbivu, boga la kupondwa, yai la kuchemsha lililopondwa na maziwa. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wana chakula ambacho kama kingetungwa kwa ajili ya mgonjwa wa mdomo kisingekuwa bora zaidi, nacho ni mtori. Chemsha nusu kilo ya nyama yenye mfupa mpaka ilainike, tia ndizi mbichi kumi zilizomenywa, kitunguu na karoti, chumvi kidogo sana. Zikiiva ponda kwa mwiko, chambua nyama uirudishe, tia kikombe cha maziwa. Acha upoe. Na safari hii mama apakue bakuli lake kwanza, kabla sufuria haijaenda mezani.

USICHELEWE

Kidonda kimoja kilichokaa mahali pamoja zaidi ya wiki tatu bila kupona hakiko katika haya tuliyozungumza, hasa kikiwa na kingo ngumu au kimeanza bila maumivu, na zaidi kwa anayetumia ugoro, kuberi, sigara au pombe. Mpeleke mtu huyo hospitali, Amana au Muhimbili, atazamwe na ikibidi akatwe kipande kipimwe. Saratani ya mdomo ikiwahiwa inatibika, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ipo kwa kazi hiyo. Nenda pia upesi ikiwa vidonda vinatokea mdomoni na sehemu za siri kwa pamoja, au macho yanauma na kuwa mekundu, au unapungua uzito, au mtoto mwenye vidonda amekataa kunyonya na kunywa. Na tafadhali, asipelekwe kwa mtu wa kung'oa vinavyoitwa meno ya plastiki wala kukata kimeo. Tumezika watoto wa kutosha kwa visu hivyo.

Limebaki swali lako la mwisho, kuhusu Meza ya Bwana. Kwa vidonda vya ndani ya mdomo hakuna atakayeambukizwa kwa kikombe, na hakuna sababu ya kiafya ya wewe kubaki kwenye benchi wenzako wanaposimama. Divai inachoma, najua. Mwambie mchungaji faragha, au mke wake kama ni rahisi zaidi, uchovye mkate ncha tu, au upewe kikombe kidogo cha peke yako, kama sharika nyingi zinavyofanya siku hizi. Ikitokea malengelenge ya nje ya mdomo, Jumapili hiyo usinywe kwenye kikombe cha wote, subiri yakauke. Na uniandikie baada ya miezi mitatu uniambie damu imefika ngapi, na kile kikombe cha chai kimerudi kabatini au bado.